Si Mboga

Mbegu ya tumbaku ni ndogo kuliko neno.
Ukipiga chafya, umepoteza shamba zima.
Matiko alinitumia kwa basi la usiku kutoka Kehancha,
ndani ya bahasha ya dawa,
ile yenye mistari ya asubuhi, mchana, jioni.
Hakuwa ameandika kitu.

Sikuzifukia. Hizi hazitaki kuzikwa,
zataka mwanga na unyevu, basi.
Nilichekecha udongo kwa kichujio cha chai,
nikazinyunyiza kwenye kopo la siagi, nikaliweka juu ya friji
kwenye kijoto kidogo, maana Julai ya Umoja haina huruma:
nguo hukaa kambani siku tatu na bado zanuka ukungu.
Siku ya kumi na moja, vumbi la kijani.
Nikamwita jirani aone.
Akatafuta miwani. Akasema, "Wapi?"

Mimi ni muuguzi, kliniki ya kifua.
Kutwa nasema: acha, mzee. Acha leo, si kesho.
Nawaonyesha picha ya pafu.
Kisha napanda ngazi hadi orofa ya nne
nikanyweshe tumbaku maji niliyooshea mchele,
kwa kuwa ya mfereji huja Alhamisi, yakikumbuka.
Cheka tu. Nami nilishacheka.
Sivuti, sinusi, sitafuni.

Nyumbani tulilimia kampuni.
Mbolea ya mkopo, dawa ya mkopo,
hata kamba za kufungia majani ziliandikwa kitabuni.
Tulichuma alfajiri, umande ungalipo,
majani yakitupaka mikononi gundi nyeusi isiyosikia sabuni,
na ikifika saa nne mimi na Matiko tunatapika nyuma ya banda
tukidhani ni njaa.
Baba alikesha na tanuri, mti baada ya mti,
mpaka kilima chetu kikawa na upara.
Siku ya kuuza, mtu mwenye chaki aligusa bunda kwa vidole viwili
akaandika herufi.
Herufi moja, na karo ya muhula ikaenda nayo.
Baba hakubisha. Alivua kofia,
kana kwamba ile herufi ni mgeni.

Sasa ninayo miche mitatu, kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa.
Haidaiwi na mtu.
Majani yamepanuka kuliko gazeti lililokunjwa,
yana manyoya, yananata, yananasa vidudu na masizi ya barabara.
Mama Kavuli alipitisha mkono kwenye vyuma vya roshani
akachuma mawili makubwa ya kupikia ugali.
Nilisikia kisu kwenye ubao. Nilikimbia na ndala mguu mmoja.
Tangu hapo nimetundika kibao: SI MBOGA.
Huko chini wanaulizana: basi ni nini?

Mwisho wa Oktoba kichwa kikachomoza,
na mkono wangu ukaenda wenyewe.
Shambani vichwa vilikatwa vingali vichanga, jani linenepe;
ukucha wa gumba ulijua kazi yake hata gizani.
Miaka kumi na minne kwenye tumbaku
na sijawahi kuliona ua.
Nikaurudisha mkono mfukoni.

Ni la waridi. Si waridi la kujionyesha,
ni rangi ya ufizi wa mtoto kabla ya meno.
Na nyuki, sijui walitoka wapi
katika Umoja hii ya mabati na nyaya.
Nikampigia Matiko, nikaigeuza kamera aone.
Akanyamaza. Nyuma yake ng'ombe alilia.
"Ndilo hilo?"
"Ndilo hilo."
"Kumbe," akasema. Halafu tena, polepole: "Kumbe."

Nilichuma ya chini tu, nikayatundika bafuni kando ya soksi.
Yakawa manjano, yakawa rangi ya chai ya rangi,
na nyumba ikaanza kunuka banda letu.
Nikafungua madirisha yote.
Baadaye nikayafunga.

Jana niliyapima kwenye mizani ya unga: gramu tisini na mbili.
Nikashika chaki ya mtoto wa jirani,
nikasimama nayo,
nikakosa herufi.
Saa moja ilikuwa inagonga, na nina zamu ya usiku.